Tabora hadi Kigoma kwa gari: tulifuata sokwe Gombe, tukakwama kwenye asali

Mpagazi wa Leo

Wakuu salaam.

Nimerudi juzi na mgongo bado unalalamika. Niliahidi kwamba nikifika salama nitaandika, sasa ndiyo huu uzi. Nitaushusha vipande vipande, maana naandika kwa simu na umeme wa huku mnaujua wenyewe.

Tulikuwa wanne. Mimi, mke wangu, shemeji yangu ambaye ndiye mwenye gari, na mjomba wao mmoja mstaafu wa reli. Mjomba tulimbeba kwa makusudi: hakuna stesheni kati ya Tabora na Kigoma ambayo hajawahi kulala. Gari ni Prado ya zamani ya dizeli. Siku nane, mwishoni mwa kiangazi.

Lengo lilikuwa sokwe wa Gombe, basi. Lakini mimi ni mzaliwa wa Tabora, nina miaka arobaini na moja, Mikumi nimefika mara tatu, na hifadhi ya Ugalla iliyo mkoani kwetu nilikuwa sijawahi kuitia machoni. Mke wangu akasema kama tunapita njia hiyo, tupite kama watu, tusipite kama basi.

Angalizo mapema: kama wewe ni mtu wa kuhesabu simba, uzi huu utakuchosha. Simba hatukumwona hata mkia.

Siku ya kwanza hatukutoka hata Tabora. Mjomba alisisitiza tuanzie Kwihara, kwenye lile tembe la udongo alikokaa Livingstone, mwendo mfupi kusini mwa mji. Nimesoma shule Tabora na sikuwahi kuingia! Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, mwanzoni mwa 1872 wakaja wote wawili hapo Kwihara. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi wa kumpeleka mbele. Mjomba akacheka mpaka akakohoa: "Mnaona? Hata Mzungu alikaa Tabora miezi mitano akisubiri usafiri."

Nikirudi nawapa Urambo na nyuki.

Fundi Springi

Nimekaa siti ya mbele. Prado ya mwaka gani na spea tairi mlibeba ngapi? Usipojibu hilo uzi wako ni chai.

Mzaramo Pori

Watani zangu Wanyamwezi bwana. Babu zenu walitembea kwa miguu kutoka huko hadi Bagamoyo na pembe begani, ninyi Prado inawauma mgongo.

Mpagazi wa Leo

Fundi, spea mbili, na zote zilitumika. Nitafika huko.

Mtani, babu zetu walikuwa wanabeba, ninyi mlikuwa mnapokea. Ndiyo maana mgongo wenu hauumi.

Tuendelee. Tabora hadi Urambo ni lami, kilomita tisini na ushee, unateleza tu. Huku ndiko kwa Mirambo, yule mtemi aliyewabana Waarabu wa Unyanyembe njia ya misafara hadi wakamwita mezani. Mwaka 1876 Stanley huyohuyo alichanjana naye udugu wa damu. Alifariki 1884. Mjomba anamwongelea kama mtu aliyekuwa naye jana kijiweni.

Kutoka Urambo tuliacha lami tukashika njia ya kusini kuelekea Uyumbu. Pale vijiji vina eneo lao la WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na wanakijiji wenyewe, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo safari ilipobadilika.

Kwanza hukurupuki kuingia kijijini na kamera. Mjomba alitupeleka ofisi ya kijiji, tukaandika kitabu cha wageni, mwenyekiti akatuuliza tumetumwa na nani. Hakuna, tumekuja kusalimia na kuona nyuki. Akatuangalia kama watu wa kodi. Mjomba akashusha "mwangaluka" zake za utaratibu, wakaanza kuulizana koo, wakakuta kuna harusi ya mwaka fulani walihudhuria wote wawili. Baada ya hapo tukapewa mzee mmoja wa kututembeza.

Mzee huyo ana umri wa miaka sabini na kitu na anapanda mti kuliko shemeji anavyopanda ngazi. Mizinga yake mingi ni ya gome. Unachuna gome la mti kama soksi, unalikunja, unaliziba pande zote mbili, halafu unalitundika juu kabisa, mbali na nyegere. Sasa tatizo la gome mnalijua: mti ukishachunwa mzunguko mzima, unakufa. Yeye mwenyewe alisema bila sisi kumuuliza: "Nimekula miti mingi." Siku hizi ana na ya mbao, lakini anasema nyuki wanaukubali upesi zaidi ule wa gome, na gome halinunuliwi.

Tulikaa hadi giza, maana mavuno ni jioni. Moshi wa majani mabichi, mwenge unapanda, na ule mngurumo ukianza unahisi kwenye meno. Alikata masega ya asali, akayaacha yenye majana, watoto wa nyuki. Tukala pale chini ya mti, asali ya moto, na mkewe alikuwa ametupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafunia njiani. Mke wangu analia anacheka, ameumwa na nyuki kwenye sikio.

Asubuhi yake akatuonyesha mlembe, yule ndege mdogo anayeita watu kwenye nyuki. Anapiga kelele, anaruka mti wa mbele, anakusubiri. Nilidhani ni hadithi za bibi. Ukimfuata ukavuna, unamwachia kipande cha sega chenye nta, ndiyo mshahara wake. Nta anaisaga tumboni mwake, jambo ambalo wewe na mimi hatuliwezi.

Dagaa Kavu

Hapo kwenye mlembe umenikumbusha babu yangu. Alikuwa anasema usipomwachia chake, kesho anakupeleka kwenye chatu. Shusha vitu mkuu.

Binti Sikonge

Kaka Mpagazi, shikamoo kwa mjomba kwanza.

Nimesoma nikatabasamu, halafu nikanuna. Nitakwambia kwa nini. Baba yangu ni mrina asali. Zamani Ugalla ilipokuwa pori la akiba, alikuwa anaingia msimu ukifunguliwa, kibali mfukoni, baiskeli, unga debe, wanakaa kambini wiki tatu. Alitusomesha watatu kwa hiyo asali. Mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na hifadhi ya taifa haina mambo ya kuingia na ndoo. Mizinga yake ya zamani imebaki ndani, yeye yuko nje anatazama.

Sisemi hifadhi ni mbaya. Miti imemalizwa na watu wa tumbaku huku kwetu mpaka unaogopa. Ila mtalii anapokuja kusema "nimeona maisha halisi ya wenyeji", mimi huwa nauliza swali moja. Yule mzee aliyewapandia mti usiku, mlimlipa?

Mzaramo Pori

Duh. Ngoja nisogee pembeni.

Mpagazi wa Leo

Dada Binti Sikonge, marahaba kwa niaba ya mjomba.

Nilikuwa na nia ya kuliruka hilo, lakini umeuliza. Kijiji tulilipa mchango wao pale ofisini na kupewa risiti. Mzee mwenyewe hakutaja bei ya kazi yake. Alisema nunueni asali tu. Akataja bei ya ndoo ndogo, na shemeji yangu akaanza kubembeleza ipungue. Mtu kakaa na sisi jioni nzima na asubuhi nzima, kaumwa na nyuki kwa ajili yetu, na sisi tunabishana naye kwa elfu tano tano kama tuko Kariakoo. Akapunguza. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikijifanya nafunga mlango wa gari.

Kwa hiyo jibu ni hapana, hatukumlipa. Tulimpunguzia.

Nyongeza ya kuchekesha kama una moyo wa kucheka: siku mbili baadaye, njiani, shemeji huyohuyo alinunua chupa nne za "asali mbichi" kwa bei ya kutupa. Tulipofika Kigoma mjomba akaonja kwa kidole, akasema, "Hii ni sukari guru imeoga."

Fundi Springi

Hahaha imeoga! Asali yenyewe mnaitambuaje jamani? Mimi huwa nachovya njiti ya kiberiti, ikiwaka ni safi.

Binti Sikonge

Njiti ni uongo wa mjini. Na wengine wakiona asali imeganda wanatupa, wakidhani imetiwa sukari. Asali halisi huganda, inategemea maua na baridi. Iweke kwenye maji ya vuguvugu, itarudi. Njia ya uhakika ni kumjua aliyeirina, hiyo tu.

Kaka, ahsante kwa kusema ukweli. Endelea, sijanuna tena sana.

Mpagazi wa Leo

Ugalla sasa.

Nguo. Nisikilizeni vizuri: msivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Shemeji alivaa fulana ya bluu ya timu yake na ndorobo walimfuata yeye peke yake kama anagawa pilau. Ndorobo anapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na kuumwa kwake si kwa mbu, unahisi umechomwa na sindano ya kushonea magunia. Wazee wa huku wanajua malale ni nini, watu walihamishwa vijiji vizima enzi za Mwingereza kwa ajili yake.

Tulichukua askari wa hifadhi, bila yeye msingeisoma hii. Kiangazi mto unakatikakatika na kubaki madimbwi, na viboko wote wa eneo wanajikuta kwenye dimbwi moja. Harufu yake siwezi kuielezea kwa watu wanaokula. Wanagombana, wanakoroma, mamba wamelala kwenye mchanga kama magogo yaliyosahaulika. Nyati tuliwaona, tembo kwa mbali mno. Nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo mwenye kwato ndefu, askari alituonyesha nyayo zake tu.

Lakini palahala! Dume, mweusi tii, uso una michirizi myeupe, pembe zimerudi nyuma kama jambia mbili. Alitoka kwenye miyombo akasimama katikati ya njia akatutazama bila haraka yoyote. Mjomba alivua kofia. Sijui kwa nini alivua, na sikumuuliza.

Hatukukutana na gari lingine la wageni siku nzima.

Askari akatueleza kitu ambacho mimi wa Tabora sikukijua: maji haya ya Ugalla yanaingia Malagarasi, Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika, na ziwa linatoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo hadi bahari ya magharibi. Kwa hiyo mtu akikata miti Sikonge akaushie tumbaku kwenye bani, mvuvi wa Ujiji anaipata taarifa kwa tope. Hilo la tope ni nyongeza yangu, yeye alisema kiaskari zaidi.

Dagaa Kavu

Na lile bonde la Malagarasi na Muyovozi ni ardhi oevu ya kwanza Tanzania kuandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Yule ndege domo-kiatu yuko huko. Mlimwona?

Mpagazi wa Leo

Hatukumwona, mkuu. Huyo anataka mtumbwi na subira, sisi tulikuwa na Prado na shemeji.

Kaliua hadi Uvinza nitapita haraka kama tulivyotamani kupita lakini hatukuweza. Tairi la kwanza lilipasuka kwenye kipande cha vumbi na la pili saa mbili baadaye. Vijana wa kijiji cha jirani walitusaidia kuziba, na safari hii kabla shemeji hajafungua mdomo mke wangu alishalipa. Daraja la Kikwete pale Malagarasi tulisimama kunyoosha miguu. Mjomba anakumbuka enzi ambazo mto ukifura barabara ilikuwa ngonjera na treni ndiyo mkombozi.

Uvinza simameni, msipite. Kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezitumia tangu karne ya tano hivi, kabla hata ya misafara kuota. Walikuwa wanachemsha maji kwenye vyungu, watu wanakuja kutoka mbali msimu wa kiangazi, wanapiga kambi, wanaondoka na chumvi. Mama mmoja wa mgahawa akatuambia wali wake hauna chumvi ya dukani, "mimi nimezaliwa ndani ya chumvi." Tulikula sahani mbili mbili.

Kibabu wa Stesheni

Kijana, mimi nimefanya kazi reli hiyo. Reli ilifika Kigoma 1914, Wajerumani wakashusha meli kwa vipande kutoka Ulaya wakaiunga palepale bandarini. Wenyewe wakaizamisha 1916 wasiiachie adui, Waingereza wakaiibua 1924, na kuanzia 1927 ikaitwa Liemba. Msalimie huyo mjomba, muulize kama alifanya kazi zamu za Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka.

Mpagazi wa Leo

Shikamoo mzee. Nimemsomea. Anasema kama wewe ndiye aliyekuwa anaficha karanga kwenye kofia, bado anakudai.

Kibabu wa Stesheni

Marahaba. Siyo mimi. Lakini namjua.

Mama Wawili

Mmefika Gombe? Mimi ndiyo nasubiri. Nina watoto wa miaka saba na kumi, naweza kwenda nao?

Mpagazi wa Leo

Mama Wawili, kupanda msituni kufuata sokwe watoto wadogo hawaruhusiwi, wasiliana na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wakwambie umri na ada za sasa kabla hujakata tiketi. Ila Ujiji na ziwani watafurahi.

Gombe haifikiki kwa gari, tuliiacha Prado mjini tukachukua boti Kibirizi. Hifadhi ni ndogo mno, kilomita za mraba hamsini na kitu, milima imesimama wima kutoka majini. Unapanda kwa mikono na miguu. Barakoa lazima, na unakaa mita 10 kutoka kwa sokwe, kwa sababu mafua yetu kwao ni msiba. Muongozaji alimkataza kijana mmoja kwenye kundi letu kupanda kwa sababu ya kikohozi, na kijana alikuwa ametoka mbali sana. Nilimhurumia, lakini muongozaji alikuwa sahihi.

Tuliwapata baada ya saa mbili na nusu. Mama na mtoto, na dume mmoja amelala chali mkono kwenye paji la uso kama mtu anayewaza ada ya shule. Zaidi ya hapo sitaeleza, watu wameeleza sana. Nitasema tu kwamba hakuna aliyeongea, hata shemeji.

Kilichonigusa ni alichosema muongozaji tukiteremka. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Julai 1960 alikuwa na mama yake, Vanne, na yule mama alifungua kijizahanati cha kugawa dawa kwa wavuvi. Yaani ujirani ulianza na dawa kabla ya jina la utafiti kuvuma. Na baadaye, mwaka 1994, walipoona milima nje ya hifadhi imebaki upara, wakaanza mradi wa TACARE na vijiji: miche, maji, mikopo midogo ya kina mama. Bibi huyo alifariki Oktoba 2025, na pale Gombe bado wanamwongelea kwa wakati uliopo.

Mwamgongo, kijiji cha kaskazini mwa hifadhi, tulilala usiku mmoja kwa wenyeji wa muongozaji. Migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Usiku ziwa lilijaa taa, wavuvi wa dagaa, ungedhani kuna mji mwingine ng'ambo. Asubuhi kina mama wanaanika dagaa mchangani na kunguru wanapiga hesabu.

Dagaa Kavu

Hapo niongezee, ndiyo kazi yangu. Njoo wakati wa giza, usije mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, watu wanatia mitumbwi pwani wanashona nyavu. Pia uliza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuvua kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ukija kipindi kama hicho utaona nyavu zimekunjwa na watu wamekunja sura.

Na msinunue dagaa wenye mchanga. Wa kichanja ndio wenyewe.

Mama Wawili

Ahsanteni. Ujiji kuna nini cha watoto?

Mpagazi wa Leo

Jumba la makumbusho la Livingstone na miembe yake, na pembeni ufukweni mafundi wanachonga mashua kwa mikono. Watoto watabaki kwa mafundi, nakwambia. Sisi watu wazima tulibaki hukohuko.

Binti Sikonge

Kaka, swali la mwisho. Namba ya yule mzee wa Uyumbu unayo? Kuna kina mama wa kikundi chetu wanakusanya asali ya ndoo, wanalipa bei isiyopunguzwa.

Mpagazi wa Leo

Ninayo, mwenyekiti alinipa. Siwezi kuiweka hapa, nitakutumia faragha akikubali. Nimempigia mara tatu leo, hapatikani. Mjomba anasema kuna kichuguu nyuma ya nyumba yake anapopandaga jioni kutafuta mtandao. Nitajaribu tena saa kumi na mbili.